Madai Saba

Msumari ulikuwa wa inchi nne. Dafroza Mlelwa alimwomba fundi wa jirani aupigilie katikati ya ubao, ncha ibaki ikitazama juu, na tangu hapo kila asubuhi alichomeka kiazi kwenye ncha hiyo, akaubana ubao kwa magoti, akakimenya kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uliishia chini kidogo ya kiwiko. Makambako kukiwa na upepo, na Makambako ni nadra kukosa upepo, kovu lilikaza na kumuuma mpaka kwenye vidole ambavyo hakuwa navyo tena.

Ndoo moja ilimchukua saa mbili. Alivichemsha viazi na kuviuza kando ya barabara kuu kwa madereva wa malori ya Zambia na wagonjwa wanaotoka hospitali. Siku nyingine alijisahau, akapeleka mkono usiokuwepo kuzuia kiazi kisidondoke. Kiazi kilidondoka, kikabiringika hadi mlangoni, naye akakaa akikitazama kwa hasira ambayo haikuwa ya kiazi.

Hasira ile ilikuwa na mwenyewe. Ilikuwa ya Anold Kihwele, mwenye kiwanda cha plaiwudi nje kidogo ya mji, mtu aliyezaliwa Kifanya, aliyetoa mabati ya kanisa na kusimama mlangoni siku ya kubariki akipokea shukrani kwa mikono yote miwili.

Dafroza alikuwa amefanya kazi kwake miaka minne. Alitoka Ludewa, upande wa Mchuchuma, ambako tangu utoto wake watu walikuwa wakisema makaa ya mawe yataleta ajira mwakani. Alichoka kuungoja huo mwakani. Kiwandani alipangiwa mashine ya kumenya magogo: gogo la msindano linazungushwa, kisu kirefu kuliko mtu kinalimenya, na ubao mwembamba unatoka kama kitambaa. Kazi yake ilikuwa kuvuta vipande vilivyovunjika kabla havijakwama. Mbele ya kisu palikuwa na ngao ya chuma. Mwezi wa nane ngao ikatolewa kwa sababu ilichelewesha kazi. Dafroza alimuuliza msimamizi itarudishwa lini. Msimamizi akamwambia kwamba kama anaogopa, getini kuna watu hamsini wasioogopa.

Wiki tatu baadaye, siku ya Jumanne, kipande kilikwama, akakivuta, na kipande kikamvuta yeye.

Siku ya tatu hospitalini alikuja Beatrisi, afisa utumishi, na mfuko wa maparachichi na karatasi mbili. Dafroza alikuwa bado na dripu, kichwa kikielea kwa dawa. Beatrisi alisoma upesi upesi, sauti ya chini, akasema ni mambo ya bima, ili alipwe. Kisha akakishika kidole gumba cha mkono wa kushoto, akakichovya kwenye wino, akakikandamiza mara mbili. Alimfuta wino kwa pamba, taratibu, kama dada. Alimwachia laki nne ndani ya bahasha na ahadi kwamba mdogo wake, Prisila, ambaye alikuwa nyumbani hana kazi, ataajiriwa mara moja.

Prisila aliajiriwa kweli. Alipangiwa mashine ileile.

Fedha nyingine haikuja. Mwezi wa kwanza Dafroza alipanda basi hadi Njombe, ofisi ya kazi, akiwa amevaa sweta ambalo mkono wake mmoja aliupinda na kuubana kwa pini. Ofisa alilitafuta jina lake kwenye orodha ya mfuko wa fidia, hakuliona. Jina halikuwahi kupelekwa. Ndipo akaomba kiwanda kitume maelezo, na baada ya mwezi mzima maelezo yakaja, na Dafroza akasomewa kwa mara ya kwanza kile alichokitia kidole. Karatasi ilisema yeye hakuwa mfanyakazi wa kiwanda. Alikuwa mpita njia aliyeingia kuokota mabanzi ya kuni bila ruhusa, akaisogelea mashine kwa uzembe wake, na kiwanda kwa huruma tu kimempa laki nne.

"Hiki ni kidole chako?" aliuliza ofisa.

"Ni changu."

Ofisa, mama wa makamo aliyeonekana kuyaona mengi ya aina hii, alifunga jalada. Alimwambia kwamba anaweza kupinga, lakini atafute mashahidi waliokuwepo, nao wakubali kuandika majina yao. Mashahidi wote walikuwa bado wanakula mshahara wa Anold.

Kutoka Njombe Dafroza hakwenda nyumbani. Alikwenda kusimama kwenye geti la kiwanda mpaka Beatrisi alipotoka kwa chakula cha mchana. Hakumpigia kelele. Alimsalimia vizuri, akamuuliza kwa nini. Beatrisi alitazama nyuma, akamvuta kando ya ukuta.

"Usinichukie bure, Dafroza," alisema. "Kila ajali inayoandikwa inapandisha bima. Kampuni ya bima inatazama miaka mitatu ya nyuma, inahesabu madai, ndipo inampangia bosi bei. Mwaka juzi yaliandikwa mawili tu, bei ikaongezeka karibu theluthi. Bosi akatuita ofisini. Akasema atakayeandika la tatu, aondoke nalo."

"Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa wa tatu."

"Mkono wako haukuwa wa tatu," alisema Beatrisi, na hapo akaona amesema zaidi ya alivyokusudia. Akaondoka haraka, vikaratasi vya chakula vikiwa mkononi.

Haukuwa wa tatu. Dafroza alilibeba neno hilo siku nyingi. Alilimenya pamoja na viazi. Wako wengine, basi, na kila mmoja ana karatasi yake. Kila mmoja alikuwa akiokota kuni, au alilewa, au hakuwahi kuwapo. Na kule juu, mahali fulani, kuna mtu wa bima anayetazama jalada safi na kumpa Anold Kihwele bei nzuri kwa kuwa kwake watu hawaumii.

Aliwaza kumchomea kiwanda. Aliwaza kwa makini, akapanga hata upande wa kuanzia, kwenye lundo la maranda. Lakini kiwanda kilikuwa na bima ya moto.

Aliyempa njia alikuwa kijana aitwaye Abel, wakala wa bima za pikipiki na magari, ambaye kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka mahali pa viazi. Abel alikula viazi vyake kila siku na alipenda kueleza kazi yake. Dafroza alimuuliza kama mtu anayeuliza habari za mvua. Abel akamweleza kwamba bima za viwanda nyingi huhuishwa mwisho wa Juni. Kabla ya hapo kampuni hukusanya madai yote, yaliyolipwa na yasiyolipwa, na kwa hayo hupanga bei ya mwaka unaofuata. Madai yakizidi, bei inaweza kupanda mara mbili, au kampuni ikamkataa mteja kabisa. Na kiwanda kisicho na bima, benki haikikopeshi, na wanunuzi wa nje hawakisogelei.

Dafroza aliuliza kuhusu ajali za zamani. Abel alikuna kichwa. Alisema za zamani ni ngumu, muda wa kudai hupita, mengine yatakataliwa.

"Yakikataliwa, yanafutwa?"

"Hayafutwi. Yanabaki kwenye jalada. Kampuni haiwezi kujifanya haikuyaona."

"Kwa hiyo yatahesabiwa hata kama hayatalipwa."

"Yatahesabiwa," alisema Abel, akimenya kiazi chake. "Ila sasa, dada, mwenye dai anakuwa amefaidi nini?"

Dafroza alimwongezea kiazi kingine. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa alijisikia mwili mzima una joto.

Akaanza kuwatafuta. Alimpata Linus Ngimbudzi palepale mjini, jicho la kushoto limefumba tangu waya wa winchi ulipokatika. Kifanya alimpata Yohanes, aliyebaki na vidole viwili, na mwingine aliyevunjika nyonga na sasa analala kwenye benchi la jikoni kwa kaka yake. Wawili walikuwa Njombe mjini. Wa mwisho ilimbidi amfuate hadi Matamba, safari ya siku nzima juu ya milima, majani yakiwa na barafu asubuhi. Huyo alikuwa Margareth Mahenge, na hakuwa ameumia. Aliyeumia alikuwa mumewe, aliyeangukiwa na magogo uwanjani. Margareth alipewa jeneza, magunia mawili ya mahindi, na karatasi.

Aliitoa karatasi hiyo kutoka kwenye Biblia. Ilisema marehemu alikuwa amelewa.

"Hakuwahi kuonja hata ulanzi," alisema Margareth. "Baba yake alikufa kwa pombe. Kila mtu hapa anajua."

Wote waliuliza swali moja: watalipwa kiasi gani? Na Dafroza, ambaye angeweza kuwadanganya, hakuwadanganya. Aliwaambia huenda wasilipwe kitu. Kwa Linus, aliyesita zaidi kuliko wengine kwa kuwa aliahidiwa kazi ya ulinzi, alisema wazi:

"Fedha sikuahidi. Ninakuahidi tu kwamba itamuuma."

Linus aliisogeza karatasi karibu na jicho lake moja. Kisha akatia saini.

Tarehe kumi na mbili Juni madai saba yaliingia ofisi ya kazi Njombe, na nakala saba zikatumwa kwa kampuni ya bima. Mengine yaliandikwa na katibu wa parokia, mengine na Abel, ambaye alikataa kulipwa na kuomba asitajwe. Kila dai lilitaja tarehe, mashine, na jina la msimamizi wa zamu.

Kwa siku tisa hapakuwa na kitu. Siku ya kumi gari jeupe liliingia kiwandani na watu wawili wa bima wenye kofia za plastiki na kamera. Prisila aliporudi nyumbani jioni alisimulia jinsi ngao ya chuma ilivyorudishwa asubuhi ileile kwa haraka, bado ina vumbi la stoo, na jinsi mmoja wa wageni alivyopitisha kidole juu ya vumbi hilo na kuandika kwenye daftari. Bosi alikuwa akitembea nyuma yao, alisema, anatoka jasho kwenye baridi ile. Dafroza alimfanya alirudie hilo la jasho mara tatu. Kesho yake alinunua nusu kilo ya nyama ya ng'ombe, wakaila wao wawili, na Dafroza akaufyonza mfupa mpaka ukawa mweupe.

Tarehe ishirini na sita Anold alimwita.

Alimpokea ofisini mwenyewe, akamvutia kiti, akamwagizia chai ya maziwa. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, shati limenyooshwa vizuri. Alimsalimia Kibena, "Kamwene," ingawa alijua yeye ni Mpangwa. Aliuliza habari za mama yake Ludewa. Kisha akaweka karatasi mezani. Dafroza alijua kusoma tarakimu. Bei ya bima ya mwaka mpya ilikuwa mara mbili na nusu ya ile ya zamani, na chini yake kulikuwa na masharti ukurasa mzima.

"Umefurahi?" aliuliza Anold, bila ukali.

"Ndiyo."

"Nikuulize kama mzazi. Wewe unadhani umeniumiza mimi?"

"Nimesikia ulitoka jasho."

Anold alicheka kidogo, akainuka, akaenda dirishani. Chini, uwanjani, watu wa zamu ya mchana walikuwa wakivuta magogo kutoka kwenye lori, pumzi zao zikitoka kama moshi.

"Hii bima sijawahi kuilipa mimi, Dafroza. Nipo kwenye biashara miaka kumi na saba. Ikipanda, mshahara unashuka. Ikipanda sana, watu wanapungua. Mimi napitisha tu. Wanaolipa ni hao pale."

"Basi kwa nini uliuficha mkono wangu? Kama hulipi wewe, ulikuwa unaogopa nini?"

Anold alivuta pazia. Alirudi kitini, akasema wazi alichomwitia. Akifuta dai lake na kuwaambia wenzake wafute yao, atampa milioni tatu na kazi ya kukaa, kuandika magari getini. Mkono wa kushoto unatosha kwa kazi hiyo. Alimpa siku nne, kabla bima ya zamani haijaisha.

Dafroza alitazama chai. Milioni tatu ilikuwa nyumba ya mama yake kuezekwa na bado ikabaki. Aliitaka. Aliitaka sana kiasi kwamba ilimbidi asimame ili asiendelee kuitaka.

"Nataka iandikwe," alisema. "Kwamba nilikuwa mfanyakazi wako, na mashine yako haikuwa na ngao, na uliambiwa. Uandike wewe, utie kidole wewe. Ukishaandika, nitaondoka bila hata senti."

"Hilo haliwezekani."

"Basi lipa."

Aliondoka na chai hakuigusa.

Bima haikulipwa. Tarehe thelathini ilifika, ikapita, na siku mbili baada yake wafanyakazi walikuta geti limefungwa na tangazo limebandikwa: kiwanda kimesitisha shughuli kwa sababu ya gharama zilizosababishwa na watu wachache wasiolitakia mema eneo letu. Jina halikutajwa. Haikuwa lazima. Jioni ile mtu alimwaga maji ya mavi mbele ya mlango wa Dafroza, na mwanamke aliyekuwa akivuta naye mbao mstari mmoja alipita kando ya viazi vyake akasema kwa sauti kwamba wengine mkono mmoja haukuwatosha, wametaka wakate na ya wenzao.

Geti lilifungwa siku kumi na tisa. Siku ya ishirini likafunguliwa, mashine zilezile, msimamizi yuleyule, lakini juu ya geti kulikuwa na jina jipya, na mwajiri sasa alikuwa Odilo, shemeji wa Anold. Anold alikuwa anampangisha majengo tu. Kampuni ya Odilo ilikuwa na umri wa wiki mbili. Kampuni ya wiki mbili haina ajali. Jalada lake lilikuwa jeupe, na bei ya bima aliyopata, Abel alimwambia Dafroza baadaye akiwa ameinamisha kichwa, ilikuwa ndogo kuliko ile ya Anold ya miaka yote. Na bima yenyewe ilihusu watu kumi na moja wa ofisini. Wengine wote waliingia kama vibarua wa siku, mshahara umepungua kwa robo, kila mmoja akikubali kwa maandishi kwamba anajilinda mwenyewe. Madai saba yalibaki juu ya kampuni ya zamani, ambayo sasa haikuwa na mashine, wala gogo, wala meza.

Linus alifuta lake. Alikuja mwenyewe kumwambia, jambo ambalo Dafroza alilihesabu kama heshima. Alikuwa amevaa koti la mlinzi. Margareth alipiga simu kutoka Matamba, akasema la kwake libaki, hata kama litakaa humo mpaka afe, kwa sababu ndilo andiko pekee linalosema mumewe hakuwa mlevi.

Prisila alirudi kazini. Dafroza alimkataza, wakagombana kwa mara ya kwanza tangu wawe watu wazima.

"Wewe ulitaka aumie," alisema Prisila, akifunga kamba ya aproni. "Sawa. Mimi nataka tule."

Ni yeye aliyemletea habari za utaratibu mpya. Mtu akiumia, alisema, hapelekwi tena hospitali ya hapa, kwa kuwa hospitali wanajaza fomu na fomu zinafika Njombe. Anapelekwa kwenye zahanati ya rafiki yake Odilo, njia ya Iringa, zaidi ya saa nzima. Kule hawaulizi. Ngao ya chuma? Iliwekwa siku ya ufunguzi, wakapiga picha, ikatolewa Alhamisi.

Dafroza aliendelea kuuza viazi mahali pake, karibu na njia ya kuingilia hospitali. Wateja walipungua, kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja, kwa maana njaa haina kinyongo. Alikuwa bado anamwaza Anold. Alisikia amenunua shamba jingine la miti. Alikuwa anatafuta ni wapi pengine pa kumshika, na alijua pako, lazima pawepo, mtu hawezi kuwa na utelezi kila mahali.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mwezi wa nane, jua limetoka lakini halijapasha kitu. Pikapu ya kiwanda ilitokea upande wa chini kwa mwendo mkali, taa za tahadhari zinawakawaka, honi haikomi. Mlinzi wa hospitali aliiona, akakimbia kufungua geti. Nyuma ya pikapu walikuwa wamechuchumaa wanaume watatu, wameshikilia turubai ambalo chini yake kulikuwa na mtu. Mguu mmoja ulikuwa umetokeza nje. Ulikuwa na kiatu cha plastiki, yeboyebo ya kijani. Prisila alikuwa nazo, lakini nusu ya kiwanda walivaa yeboyebo za kijani, ziliuzwa getini.

Kwenye tuta pikapu ilipunguza mwendo. Dafroza alikuwa amekwisha kusimama, sahani imemwagika, akaita, "Ni nani? Jamani, ni nani huyo?" Mmoja wa wale watatu alimtambua. Akageuza uso upande mwingine, akalivuta turubai likaufunika mguu.

Dereva alibadilisha gia. Pikapu haikukata kona. Ilinyoosha na barabara kuu kuelekea Iringa, ikaingia katikati ya malori mawili, na Dafroza akaifuata mbio katikati ya lami, mkono mmoja ukipunga, mpaka honi za malori zikamrudisha pembeni.

Mlinzi alibaki ameshikilia geti wazi. Alitazama barabarani kidogo, akamtazama mwanamke yule aliyesimama anahema, kisha akalifunga.